Kilichobaki Kichwani mwa Uhura

Mwanamke amekaa kitandani katika zahanati ya chombo cha angani, kitabu cha watoto mkononi. Nesi amesimama kando yake anamsomesha sentensi fupi za Kiingereza, za mbwa na mpira, kama wanavyosomeshwa watoto wa chekechea. Saa chache kabla ya hapo alikuwa luteni, mkuu wa mawasiliano wa chombo chenye watu zaidi ya 400. Sasa hajui kusoma. Anajikwaa kwenye neno, analirudia, anakwama tena, uvumilivu unamwishia, na hapo anaropoka Kiswahili.

Hiyo ni "The Changeling", episodi ya sizoni ya pili ya Star Trek, iliyorushwa na NBC ya Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Mimi niliipata kwenye flash, pamoja na sizoni zote tatu za mwanzo, kwa kijana anayeuza muvi jirani na stendi ya Moshi. "Mangi, hizo za kizamani," alinionya, "hata chombo chao wamekitengeneza kwa maboksi." Ni kweli, ukikaza macho maboksi unayaona. Lakini nimeirudia episodi hiyo kuliko muvi yoyote mpya, na kila nikiirudia swali ni lile lile. Mashine imefuta kila kitu kichwani mwa huyu dada. Kiswahili kimebakije?

Kwa ambaye hajaiona: chombo cha Enterprise kinakutana na mtambo mdogo unaoelea, Nomad, uliotumwa kutoka duniani mwanzoni mwa karne ya 21 kutafuta uhai mpya. Huko mbali uliharibika, ukaungana na mtambo wa kigeni ambao kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli za udongo na kuziua vijidudu. Amri mbili zikachanganyika, zikazaa ya tatu: tafuta kisicho kamili, kiangamize. Umekwisha kuua watu bilioni nne. Kapteni Kirk anasalimika kwa sababu moja tu, jina lake linakaribiana na la mtu aliyeubuni mtambo huo, Jackson Roykirk, nao unamdhani ndiye muumba wake.

Ukiwa ndani ya chombo, Nomad unavutwa na sauti. Uhura, yule wa kitandani, anaimba akiwa kazini. Mtambo unamuuliza anafanya nini na kwa faida gani, na kabla hajajieleza vya kutosha unammulika na kuyavuta yote yaliyomo kichwani mwake. Fundi mkuu Scotty anakimbilia kumwokoa, anauawa. Mtambo unatoa ripoti kwamba "kitengo" hicho, yaani Uhura, kilikuwa kibovu, fikra zake zilivurugika, na Spock anaeleza kwamba huyo ni mwanamke, kana kwamba maelezo yamekamilika. Utani wa mwaka 1967, tuuache huko huko. Scotty anafufuliwa na mtambo wenyewe baada ya muda mfupi. Uhura hafufuliki kwa njia hiyo. Ubongo wake ni mzima, lakini hauna kitu, inabidi asomeshwe upya. Mwishoni daktari anatangaza kwamba amefika kiwango cha chuo na wiki ijayo atarudi kazini.

Mashabiki wengi wanaiweka episodi hii katikati: haichoshi, haiheshimiwi. Malalamiko yao nayakubali. Mtu hafundishwi maisha yake yote kwa wiki moja. Mama yake ni nani, alisali vipi, alimpenda nani, hayo hayamo katika kitabu cha mbwa na mpira. Tena Kirk anaushinda mtambo kwa kubishana nao mpaka ujione wenyewe hauko kamili na ujilipue, mbinu aliyoitumia na kwingine. Kwenye vibanda vyetu vya video kuna kanuni kwamba steringi hafi, basi hapa kanuni imepanuliwa: steringi hafi, na rafiki wa steringi akifa anarudi kabla chai haijapoa. Walinzi waliouawa na Nomad hawakufufuliwa. Hakuna aliyewauliza majina.

Kuhusu Uhura mwenyewe, maandishi mengi huzunguka mambo matatu: kwamba alikuwa mwanamke mweusi mwenye cheo kwenye televisheni wakati huo haikuwa kawaida; kwamba mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alitaka kuacha baada ya sizoni ya kwanza na Martin Luther King akamsihi abaki, kama alivyosimulia mwenyewe; na lile busu la Novemba 1968 kati yake na Kirk. Yote ni ya kweli na yote yamesemwa sana. Wanampima kwa rangi yake. Sisi huku tuna kipimo kingine ambacho wao hawana, nacho ni sikio.

Nianze na neno. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya Kibo, Kilimanjaro. Kilele hicho cha mita 5,895 kilikuwa kimebeba jina la Kaisari Wilhelm wa Ujerumani tangu Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889. Kikavuliwa jina hilo, kikaitwa Uhuru. Miaka mitano haijatimia, neno hilo likatokea kwenye televisheni za Marekani likiwa limebadilishwa herufi moja na kuvikwa sketi fupi.

Njia lililopitia haikuwa nyoofu. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru. Ruark alikuwa Mmarekani mpenda kuwinda, aliyeitazama Kenya akiwa amekaa kibarazani mwa walowezi, na uhuru wa riwaya yake ni kitu cha kuogofya kuliko cha kushangiliwa. Watayarishaji waliuliza maana ya neno, wakalipenda, na likalainishwa mwisho ili lifae kuwa jina la mwanamke. Kwa hiyo neno lililopandishwa mlimani kwa mwenge lilifika angani kwa mgongo wa mtu asiyelitakia mema. Maneno yana safari zake.

Na kulilainisha huko ni kwa masikio yao. Kiswahili hakina maneno ya kike na ya kiume. Irabu "a" mwishoni haimgeuzi mtu kuwa mwanamke. Huru ni huru, u- ni u-, na "uhura" si neno. Tushukuru waligusa irabu ya mwisho peke yake. Wangegusa na ya katikati, luteni wetu angebeba jina la ugonjwa wa tumbo.

Safari ya neno haikuishia kwenye hadithi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya NASA. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku na wenyeji. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ushahidi wake juu ya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 uliwasaidia wanasayansi kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Chukua ramani: Kilimanjaro uko nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na lile jukwaa nalo ni kama nyuzi tatu. Kilele cha Uhuru na mahali iliporukia Uhuru viko karibu mstari mmoja, kilomita kama 300 kati yake. Kati ya Uhuru hao wa juu, yule wa kubuni ndiye anayejulikana zaidi duniani, na ndiye pekee aliyeandikwa vibaya.

Turudi kwenye sikio. "The Changeling" si mara ya kwanza Uhura kusema Kiswahili. Alikisema kwenye episodi ya kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", tarehe 8 Septemba 1966. Humo kuna kiumbe wa mwisho wa jamii yake, anayeishi kwa kunyonya chumvi ya miili ya watu, na anayeweza kusoma mawazo ya anayemtazama na kujigeuza awe mtu ambaye moyo wa huyo unamtamani. Kwa daktari anakuwa mpenzi wa zamani. Anapomkuta Uhura kwenye ujia, mpweke, anakuwa mwanamume mweusi mtanashati, na anamsemesha Kiswahili.

Kiswahili chenyewe, niseme ukweli, kinahitaji kusikilizwa mara tatu. Mkazo umeanguka pasipo pake, na viambishi vimeshikana kama abiria wa daladala ya Majengo saa kumi na mbili jioni. Mtu wa Tanga angeomba arudiwe. Lakini tazama mantiki ya tukio. Kiumbe huyu hana Kiswahili. Amekikuta kichwani mwa Uhura. Ametafuta kinachomkosesha usingizi yule dada, akaona sura ya kiume haitoshi, lazima hiyo sura ifungue mdomo na kusema lugha ya kwao. Upweke wake ni wa lugha. Aliyewahi kukaa ughaibuni miezi sita bila mtu wa kumwambia "habari za asubuhi" hahitaji kuelezwa zaidi.

Episodi hizi mbili ziliandikwa na watu wawili tofauti, George Clayton Johnson na John Meredyth Lucas, ingawa muongozaji ni mmoja, Marc Daniels. Sidhani kama mtu yeyote alikaa akapanga. Lakini ukizitazama kwa kufuatana, zinasema jambo moja. Amri, salamu za kikubwa, taarifa za kazi, vyote ni Kiingereza. Kiswahili kinatoka sehemu mbili tu: pale moyo unapotamani, na pale hasira inapopasuka. Kimewekwa chini kabisa, mahali ambapo mashine iliyoua bilioni nne haikufika. Hao watungaji waliokuwa na haraka ya kukamilisha kipindi cha wiki walifika palipo na mjadala mkubwa wa wataalamu wa ubongo bila kujua wamefika.

Maana swali la lugha ipi hubaki ni la zamani. Mfaransa Théodule Ribot, mwaka 1881, aliandika kwamba kumbukumbu inapobomoka, ya karibuni huanza kuondoka na ya utotoni hubaki mwisho. Mwenzake Albert Pitres, mwaka 1895, akiwachunguza wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja, akaona mara nyingi inayorudi kwanza ni ile mtu aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya ugonjwa, iwe ya mama au siyo. Kwa Pitres, Uhura alipaswa kuropoka Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofanyia kazi. Aliropoka cha Ribot.

Na hapo mtu wa mlimani anakohoa.

Mlima huu haukuzaliwa na Kiswahili. Kuanzia Siha magharibi mpaka Rombo mashariki, Kichagga kinabadilika kila ukivuka makorongo mawili matatu. Mmachame na Mrombo wakikutana sokoni Mbuyuni, kila mmoja ameng'ang'ania cha kwao, biashara ya mkungu mmoja wa ndizi itakesha. Wanakutana kwenye Kiswahili. Kwa wazee wa huku Kiswahili ni daraja, na hakuna mtu anayelala darajani. Bibi mmoja wa ukoo wetu, mzaliwa wa Kilema, alipopata kiharusi Kiswahili chake chote kiliondoka, pamoja na kile kizuri cha kanisani, kikabaki Kivunjo. Wajukuu waliozaliwa Pasua na Dar es Salaam walisimama pembeni ya kitanda wakiomba mkalimani wa kuongea na bibi yao wenyewe. Ribot alikuwepo chumbani siku ile.

Kwa hiyo Uhura wa "The Changeling" si mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki ya 1967. Ukimchimba mpaka chini unakuta Kiswahili, na chini ya Kiswahili hakuna kitu. Hana Kikamba wala Kitaita. Mwaka ule mtu wa namna hiyo ungempata Unguja, Mombasa, Lamu, na kwenye mitaa michache ya miji ya bara. Maelezo ya awali ya watayarishaji yalisema kwao ni Muungano wa Madola ya Afrika, ndoto ya Kwame Nkrumah, na nadhani walifikiri hivi: Afrika itakuwa moja, itahitaji lugha moja, na hiyo wameisikia. Walikuwa wameisikia kwao. Desemba 1966, miezi michache baada ya "The Man Trap", Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko huko Los Angeles, maneno yake yote Kiswahili, kwa ajili ya watu ambao mababu zao wengi walitoka upande mwingine kabisa wa bara. Kiswahili cha Hollywood kilikuwa bendera kabla ya kuwa lugha.

Lakini walibahatisha vizuri. Mwaka ule ule wa 1967, huku kwetu, Makamu wa Pili wa Rais Rashidi Kawawa alitangaza Januari kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Februari likaja Azimio la Arusha. Machi, Elimu ya Kujitegemea. Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Wao walikuwa wakibuni mtu mwenye Kiswahili mpaka kwenye mfupa, Dar es Salaam walikuwa wakipanga jinsi ya kumzaa. Amezaliwa. Ukishuka leo Soweto au Njoro ukamwamsha mtoto usingizini, atalalamika kwa Kiswahili. Kichagga anacho cha kutania, cha msibani, na cha Desemba anapopelekwa kwa babu. Hii ndiyo sababu nasema episodi ile ilitabiri kitu kikubwa kuliko hata simu za mkononi ambazo mashabiki wa Star Trek hupenda kujisifia.

Ilitabiri na kingine, kisichofurahisha. Angalia namna Uhura anavyotibiwa. Nesi Chapel ni mpole, anatabasamu, hamkaripii. Lakini Kiswahili kikitoka, kinachukuliwa kama kikohozi: subiri kipite, turudi kwenye kitabu. Hakuna anayesema, "Kumbe lugha moja ipo salama, tumfundishie hiyo." Daktari anapotangaza kwamba mgonjwa amefika kiwango cha chuo, kupona kumepimwa kwa Kiingereza peke yake. Mtu mwenye lugha nzima kichwani ameandikwa kwenye faili kuwa hajui kitu.

Mimi nimewahi kuwa mgonjwa huyo, na karibu kila aliyesoma shule ya msingi ya serikali amewahi. Unamaliza darasa la saba unaweza kueleza usanisinuru mpaka mwalimu akupigie makofi. Januari unaingia kidato cha kwanza, mmea ni ule ule, jua ni lile lile, na wewe umerudi kuwa mjinga. Unapewa wiki kadhaa za kufundishwa Kiingereza cha haraka, kama wiki ya Uhura, halafu safari inaendelea. Shule moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kibao chenye kamba. Aliyeropoka Kiswahili alikivaa shingoni hadi amnase mwenzake. Nilikivaa siku nyingi. Tulijifunza kunyamaza, na ukimya ule ulihesabiwa kuwa nidhamu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Vitabu vya fizikia vya sekondari bado ni vya Kiingereza. Nao wazazi wanaouza ng'ombe wa maziwa Uru na Kibosho ili walipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza tusiwacheke. Wamesoma ripoti ya daktari. Wanajua ni lugha ipi inayomrudisha mtu kazini.

Miaka 55 baadaye wenye Star Trek walirudi kwa Uhura. Katika "Children of the Comet" ya Strange New Worlds, iliyotoka tarehe 12 Mei 2022, Celia Rose Gooding anamwigiza akiwa bado mwanafunzi. Sasa ana kwao kunakojulikana: Kenya, wazazi waliofundisha chuo kikuu Nairobi, ajali iliyowaua wao na kaka yake. Ana jina la kwanza pia, Nyota, lililobuniwa vitabuni mwaka 1982 na kuthibitishwa na filamu ya 2009, na hilo angalau ni Kiswahili kisicho na doa. Anasema lugha 37. Yeye na wenzake wananaswa ndani ya nyotamkia ambayo inageuka kuwa kama mtu mwenye fahamu zake, na mlango wa kuielewa ni wimbo anaouvumisha, wimbo wa kwao.

Ni episodi bora kuliko ile ya 1967 kwa kila kipimo cha ufundi. Wimbo uliomponza Uhura mbele ya Nomad, mtambo ukiuliza una faida gani, sasa ndio unaojibu. Kama watungaji walikumbuka, nawapongeza. Kama hawakukumbuka, inapendeza zaidi. Hata hivyo kuna kitu kimepotea. Kiswahili kimekuwa kimojawapo kati ya 37, sifa ya kuandika kwenye barua ya maombi ya kazi. Uhura mpya anajua lugha. Yule wa kitandani alikuwa na lugha, na ilimtoka bila ruhusa yake. Mimi, pamoja na maboksi yote, namchagua wa kitandani.

Na sisi je? Mwaka 1967 hapakuwa na televisheni Tanzania Bara. Unguja walianza miaka ya mwanzo ya 1970, tena kwa rangi. Bara tulingoja mpaka 1994, na moja ya vituo vya kwanza, ITV, kilikuwa cha Reginald Mengi, mtu wa Machame. Tangu hapo tumetengeneza tamthilia za mapenzi, za uchawi, za mirathi, nyingine nzuri sana. Hadithi za sayansi bado. Fedha ni sababu mojawapo, lakini Star Trek ile ya maboksi inatunyima kisingizio hicho. Vitabuni tulitangulia: Katama Mkangi alimrusha Dzombo wake angani mwaka 1995, akamtua kwenye sayari ya Walenisi, na jina hilo ukilikata vizuri ni sentensi kamili. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, dakika 21 za Afrika Mashariki iliyokaukiwa maji, na mtu anayeitazama theluji ya Kibo ikipungua kila akitoka nje haoni kama ni mbali. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, episodi kumi za katuni, mojawapo inaitwa Hatima, nyingine Enkai, jina la Mungu wa majirani zetu Wamasai, kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii. Jina la mkusanyiko ni letu. Mazungumzo mengi ni Kiingereza. Bado tuko kwenye bendera.

Tulicho nacho ni wasimulizi wa muvi. Tangu enzi za msimulizi Lufufu, mtu mmoja mwenye kipaza sauti amekuwa akiichukua muvi ya kigeni na kuisimulia upya kwa Kiswahili, akiongeza utani, akiwapa wahusika majina ya mtaani. Star Trek wana mtambo wa kutafsiri lugha zote za ulimwengu. Sisi tunaye DJ.

Nilimpelekea mmoja, kijana anayesimulia kwenye banda la Njoro, lile tukio la zahanati. Nilitaka kuona atafanyaje, maana mtego uko wazi: ukimfanya kila mtu aseme Kiswahili, Uhura akiropoka Kiswahili hakuna anayestuka. Tukio linakufa. Alilitazama mara mbili akikuna kidevu. Usiku wa maonyesho nesi alimsomesha Kiswahili safi, Uhura akakwama kwenye neno, uvumilivu ukamwishia, na akafoka Kimachame, maneno mawili ambayo siwezi kuyaandika hapa. Banda lilitetema kwa kicheko. Kisha meku mmoja wa Rombo, amekaa nyuma karibu na mlango, akasimama akapinga kwa sauti kwamba mwanamke mwenye roho ngumu kiasi kile hawezi kuwa Mmachame, na akataka tukio lirudishwe nyuma asemeshwe sawasawa. DJ akasimamisha picha. Uhura akabaki mdomo wazi kwenye kioo, wanaume wanabishana ni wa wapi.